Mahakama Isiyo Kwenye Orodha

Mimi ni mchapaji. Kwa miaka ishirini na kitu nimekaa Wandegeya, hapa Kampala, katika kibanda cha vioo chini ya hosteli ya wanafunzi, nikichapa tasnifu za watu. Nimechapa habari za mnyauko wa migomba, za maadili ya uongozi, za sababu zinazowafanya wanafunzi wachelewe kumaliza tasnifu. Nyingi nazisahau kabla wino haujakauka. Lakini kuna kazi moja ambayo nimeichapa mara saba, kutoka mwanzo hadi mwisho, na naijua kwa ghibu kuliko walioitunga: muswada wa sheria ya mahakama za kadhi.

Katiba yetu, ile ya miaka ya tisini, inazitaja mahakama hizo waziwazi. Inasema zitakuwepo, ziamue mambo ya ndoa, talaka, mirathi na ulezi wa watoto, kama Bunge litakavyoweka. Bunge halijaweka. Kwa hiyo sisi Waislamu wa Uganda tuna mahakama kama msichana anavyokuwa na mchumba aliyeleta posa akasafiri. Mchumba hayupo, lakini huwezi kusema hujaposwa.

Aliyeniletea muswada mara ya kwanza ni wakili mmoja mzee, mtu mwembamba mwenye kofia ya kufuma na viatu vilivyong'aa hata siku za matope. Alikuwa katika kamati iliyoombwa kutayarisha rasimu. Mchapaji wao wa awali alikuwa na kompyuta inayojifanya inajua kuliko mtu, na kila palipoandikwa neno la kadhi, mashine ilisahihisha ikaweka kaki, ile ya sare za wanajeshi. Rasimu nzima ikawa inaomba Bunge lianzishe mahakama za kaki.

"Hizo tunazo tayari, mwanangu," wakili aliniambia bila kucheka, akaniwekea karatasi mezani. "Nimeambiwa wewe ni Mnubi. Utajua kuandika eda na talaka bila kuuliza."

Ni kweli mimi ni Mnubi, kwa upande wa mama. Babu zetu waliletwa na Mwingereza kutoka Sudan, wakiwa askari. Bibi yangu alikuwa akisema kwamba Wanubi tuliingia nchi hii na vitu vitatu: bunduki, vikapu na kadhi. "Bunduki serikali ikazichukua," alisema, "vikapu ikavinunua, kadhi ikamwacha ajitafutie." Mwingereza aliandika sheria fupi ya ndoa na talaka za Waislamu, kurasa chache tu, na kurasa hizo ndizo zinazotumika mpaka leo. Wakili wangu alipenda kuzikunjua mbele yangu. "Mkoloni aliyekuja kututawala alimaliza kazi yake," alisema. "Sisi tuliojitawala bado tunachapa."

Tulichapa kweli. Kila baada ya miaka kadhaa, hasa uchaguzi ukikaribia, muswada uliamka. Mara wabishane nani atawateua makadhi, kwa kuwa Waislamu wa Kampala wana makundi mawili na kila kundi lina kilima chake. Mara waulize kama kadhi lazima awe amesomea sheria ya serikali. Mara wanawake wa chama fulani walete barua, maaskofu walete barua, na barua zote zipate kurasa zake. Uchaguzi ukipita, muswada ulirudi kulala. Mimi niliuhifadhi kwenye faili niliyoipa jina "Mwisho", kisha "Mwisho Kabisa", kisha nikaacha kujidanganya nikaanza kutumia namba.

Kisha baba yangu akafa, na mimi mwenyewe nikahitaji mahakama.

Baba alikuwa sajini wa polisi, mtu wa kaskazini, Mkatoliki wa kuzaliwa. Huko kwao alimpata kaka yangu mkubwa kwa mke wake wa kwanza, ambaye alifariki mtoto akiwa mdogo. Alipohamishiwa Kampala akampenda mama yangu, na babu mzaa mama akamwambia wazi kwamba binti hatoki bila shahada. Baba alisilimu Jumatatu akaoa Ijumaa. Kaka yangu alikuwa ameshabatizwa, na mama hakutaka kumsumbua mtoto wa watu. Tulikulia pamoja katika nyumba za mabati za polisi. Mama alimpigia kaka pasi shati la misa kila Jumapili, na mimi na mdogo wangu wa kiume akatupeleka madrasa. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, kwa kuwa baba hakukubali kushindwa na Kinubi wala mama hakukubali kushindwa na Kiacholi.

Baba alipostaafu alinunua nyumba Mengo, chini kidogo ya ukuta wa Lubiri, kasri la Kabaka: vyumba vinne vya matofali, na kibaraza kinachovuja upande mmoja tu. Mama alifia humo. Mimi nilipofiwa na mume wangu nikarudi humo na binti zangu wawili. Miaka miwili ya mwisho miguu ya baba ilikataa kazi. Kaka, ambaye naye ni polisi, alikuwa akija kila Ijumaa na pikipiki, anampandisha mzee kama mtoto, anampeleka msikiti mkubwa wa Old Kampala. Baba akiingia ndani kwa kushikwa mkono na waumini, kaka alibaki nje na viatu na mkongojo. Kwa vile alivaa sare, watu walidhani ndiyo kazi aliyopangiwa, wakamwachia viatu vyao pia. Alivipanga kwa mistari.

Mdogo wangu anauza vipuri vya magari. Ijumaa hizo nilimwona mara nyingi kupitia vioo vya kibanda changu, ameketi kwenye baa ya ng'ambo ya barabara, akinisalimu kwa kuinua chupa. Sikumlaumu sana. Katika kila familia lazima awepo mmoja wa kuombewa dua.

Siku ya tatu baada ya mazishi alikuja Mengo amevaa kanzu mpya, mikunjo ya dukani haijanyooka. Akaketi kwenye kiti cha baba.

"Dada," alisema, "nyumba ya mzee lazima igawiwe kwa sheria ya Mungu."

"Sheria ya Mungu ina vifungu vingi. Unakusudia kipi?"

"Cha mirathi."

Nilikijua. Nilikuwa nimekichapa mara saba. Mtoto wa kiume hupata mafungu mawili, wa kike moja, na asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Yaani yeye thuluthi mbili ya nyumba, mimi thuluthi moja, na kaka aliyembeba baba kwa miaka miwili, mkono wa pole. Naona aibu kukiri, lakini nitakiri: mimi niliyehangaika na muswada ule zaidi ya wabunge wote, niliyewafokea wateja waliosema mahakama za kadhi ni mambo ya kale, sikutaka hata kidogo kuingia katika mahakama niliyoichapa. Nilisema twende kwa serikali.

Aliyenishinda ni kaka. Alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Twende kwa kadhi," alisema. "Baba alikuwa Mwislamu. Kama sheria yake inanitoa, initoe. Lakini initoe nikiwepo."

Chumba cha kadhi kiko Old Kampala, kwenye mteremko, ghorofani juu ya duka la Mhindi la vitambaa. Mlangoni kuna kibao: MAHAKAMA. ZIMA SIMU. Nje kuna benchi refu, na siku ile liliketiwa na wanawake peke yao, kila mmoja na bahasha yake ya malalamiko, wakisubiri kuachwa au kukataa kuachwa. Karani alituamuru tunyamaze kwa ukali wa mtu ambaye mahakama yake haijulikani na serikali na kwa hiyo ni lazima ijulikane na walioko kwenye benchi.

Kadhi alikuwa mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Tulipoingia, kaka, ambaye alikuwa ametoka zamu, alisimama wima akapiga saluti.

"Mheshimiwa!"

Kadhi aliinua macho. Nadhani kwa miaka yote aliyokaa pale ameitwa sheikh, ustadhi, mzee, na majina mengine ya waume walioshindwa kesi. Lakini mheshimiwa, tena kwa saluti ya serikali, hapana. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Keti, afande," alisema taratibu.

Mdogo wangu alieleza shauri. Alilieleza vizuri, amejifunza hadi maneno ya Kiarabu, ingawa mawili aliyapindua. Kadhi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Marehemu aliacha wasia?" aliuliza. "Angeweza kumwandikia huyu mwanawe Mkristo mpaka thuluthi ya mali, na hakuna ambaye angesema neno."

"Mzee alikuwa polisi, Mheshimiwa," kaka alijibu. "Alisema mtu akiandika chochote, kitatumika dhidi yake."

Karani alicheka, akajikumbuka, akatutazama sisi kwa ukali kana kwamba tuliocheka ni sisi.

"Afande, unajua kwamba kwa sheria hii huna fungu?"

"Nimeambiwa, Mheshimiwa."

"Mbona umekuja?"

Kaka aliitazama kofia yake. "Nisipokuja, baba ataonekana kama hakuwa na mtoto mkubwa."

Huko chini Mhindi alikuwa akichana kitambaa, na sauti ile ilipanda mpaka kwetu. Mimi nilianza kulia, jambo ambalo sikuwa nimelipanga, maana nilikuja na hoja.

Kadhi alimgeukia mdogo wangu. Hakumhubiria. Alimwambia kwamba ni haki yake kabisa, mafungu mawili, na hakuna wa kumnyang'anya. "Lakini unajua kwa nini umepewa mawili?"

"Kwa sababu mimi ni mwanamume, Sheikh."

"Kwa sababu mwanamume amebebeshwa. Karani, andika. Dada yako ni mjane?"

"Ndiyo, lakini ana duka."

"Duka likifungwa, nani atamlisha?"

Mdogo wangu aliniangalia kana kwamba ni mimi niliyeomba duka lifungwe. "Mimi," alisema.

"Andika. Akiugua?"

"Mimi."

"Andika. Wanawe hawana baba wala babu. Wakikwama, wataegemea kwa nani?"

"Sheikh, wale wasichana wanasoma shule ya bweni."

"Mashallah. Andika, karani: shule ya bweni."

Nilikuwa nimechapa kifungu cha mafungu mawili mara saba, na sijawahi kuona karani akiandika upande wake wa pili. Katika muswada hakuna nafasi ya karani. Kalamu ilisonga taratibu na mdogo wangu akawa anaifuata kwa macho, kama mtu anayetazama maji yakipanda ndani ya nyumba yake. Walipofika kwenye paa la nyumba na kile kibaraza kinachovuja, aliomba ruhusa atoke nje apate hewa.

Alikaa nje muda mrefu. Baadaye wale wanawake wa kwenye benchi walinisimulia kwamba aliwauliza kama kuna njia ya kupata haki bila wajibu, na mmoja wao akamjibu, "Iko. Uliza mume wangu."

Aliporudi, alisema anataka tugawane sawa, watu watatu, nyumba isiuzwe.

"Kwa hiari yako?" kadhi aliuliza.

"Kwa hiari, Sheikh."

"Hujalazimishwa na mtu?"

Alitazama karatasi ya karani. "Sijalazimishwa na mtu."

Kadhi alieleza kwamba huo si urithi kwa kaka, bali ni zawadi ya warithi kwa ndugu yao, na kwamba dini inahimiza jamaa waliohudhuria ugawaji wasitoke mikono mitupu. Akaandika hukumu ya suluhu, ukurasa mmoja na nusu, kwa mkono mzuri wa madrasa. Akapiga muhuri mara mbili, kwa sababu wa kwanza ulififia. Kaka alipiga tena saluti. Tukashuka ngazi, na pale chini mdogo wangu akatununulia chai, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu azaliwe.

Nilidhani yamekwisha. Lakini nyumba haibadilishi jina kwa chai. Ilitubidi twende kwenye ofisi ya serikali inayohusika na mali za marehemu, ili tupewe barua ya kutopingwa, ndipo twende korti kuomba usimamizi wa mirathi. Tulifika asubuhi, mimi na kaka. Ofisa wa dirishani, kijana aliyefunga tai fupi, alikuwa akizungumza Kiganda na walio mbele yetu na Kiingereza na simu. Alipoiona sare ya kaka, akaacha zote mbili akaingia Kiswahili, kama watu wa mji huu wafanyavyo wakikutana na polisi.

"Afande, hii kalatasi imetoka kwa koti gani?"

"Ya kadhi," kaka alisema.

Kijana alibonyeza kompyuta, akashusha, akapandisha. Kisha akatugeuzia kioo tujionee wenyewe. Kulikuwa na orodha ya mahakama zote za nchi, kutoka ya juu kabisa hadi ya wilaya ambayo mimi sikujua kama ni wilaya.

"Hiyo koti haiko kwa listi."

"Iko kwenye katiba," nilisema. Nikamtajia ibara, kifungu na kijifungu. Ningeweza kumtajia na mkato ulipo.

"Katiba ni ya juu sana, mama," alisema kwa upole. "Sisi hapa tunatumia listi."

Alitazama tena ile hukumu, akaisoma, na nadhani alitaka kutusaidia.

"Nyinyi mulikaa kama familia?"

"Tulikaa mbele ya kadhi."

"Lakini mulikaa."

"Tulikaa."

"Basi muniletee minitsi ya kukaa. Mukutano wa familia. Muandike nani alikuwa cheyameni, nani alikubali, musaini, na mwenyekiti wa mtaa apige muhuri yake. Hiyo selikali inajua."

Jioni ile nilimpelekea habari wakili wangu mzee. Nilitarajia atasikitika. Badala yake alisimama, akatembea chumbani, macho yakawaka kama ya bwana harusi.

"Mwanangu, hii ndiyo kesi!" alisema. "Hii ndiyo tumeingoja miaka yote. Twende Mahakama Kuu tuseme hukumu ya kadhi imekataliwa na ofisi ya serikali. Na mlalamikaji ni nani? Mkatoliki! Polisi! Nani atathubutu kusema ni fujo za Waislamu?"

Alinituma nimlete kaka. Kaka alikuja, akasikiliza yote kwa heshima, akaomba aelezwe tena sehemu ya kuishtaki serikali.

"Mzee," alisema mwishowe, "mimi ni askari. Nikishaipeleka serikali kortini, Jumatatu nitaingia kazini kwa mlango upi?"

"Historia itakukumbuka, afande."

"Historia haipangi zamu, mzee."

Wakili hakumlazimisha. Alituletea maji ya kunywa kwa mkono wake mwenyewe, akaketi, na kwa mara ya kwanza nikamwona amezeeka. Alisema kwamba alianza kazi hii akiwa hana mvi hata moja. Wenzake wa kamati ya kwanza karibu wote wamezikwa, na mali zao, alisema, ziligawiwa na wazee wa ukoo sebuleni. Hata ya mwenyekiti wa kamati.

Basi nikarudi kibandani Wandegeya nikakaa mbele ya kompyuta. Nilikuwa nimechapa mahakama ile ikiwa ndoto. Sasa ilinibidi nichape hukumu yake halali, tena nzuri kuliko nyingi nilizosikia katika korti zenye bendera, niigeuze iwe kitu kingine. Niliandika juu: Kumbukumbu za Kikao cha Familia. Mheshimiwa Kadhi akawa mwenyekiti wa kikao. Mdai akawa mwanafamilia. Karani akawa katibu. Hukumu ikawa makubaliano. Wale wanawake wa kwenye benchi niliwaacha nje, ingawa kwa maoni yangu walichangia hoja muhimu. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akisubiri tasnifu yake aliuliza kwa nini nachapa huku nasonya.

Kazi ngumu ilikuwa kumpelekea kadhi asaini. Nilipanda ngazi zile nikiwa na karatasi ndani ya gazeti, kama mtu aliyebeba kitu cha haramu. Kaka alinisindikiza. Kadhi aliisoma yote, polepole, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye jina lake alisimama. Nilikuwa nimeandika "mzee wa familia".

"Sheikh, tusamehe," nilisema. "Wamesema mahakama yako hawaioni."

"Na mimi mara nyingine siioni," alijibu. "Siku ambayo mume ananiambia hukumu yangu ni ushauri, halafu anaondoka na watoto, mimi naona chumba tu na meza." Akaisogeza karatasi karibu. "Nyumba mmekubaliana?"

"Tumekubaliana."

"Mdogo wako hajabadilisha neno?"

"Hajabadilisha."

"Basi hukumu imeshatekelezwa. Iiteni mnavyotaka." Akachukua kalamu. Kabla hajasaini alisoma tena maneno yale, na midomo ikamcheza. "Mzee wa familia. Mmenipandisha cheo. Kadhi huondolewa na wakubwa wake. Mzee wa familia hakuna wa kumwondoa."

Alinisahihishia makosa mawili ya herufi. Mimi, mchapaji. Akasaini. Kaka hakupiga saluti safari hii. Alipiga goti moja, kama wafanyavyo Waganda mbele ya wazee wao, ingawa yeye si Mganda, na kadhi akamshika kichwa.

Mwenyekiti wa mtaa alipiga muhuri bila kusoma. Tuliporudi kwenye ile ofisi, kijana mwenye tai fupi alikuwa likizoni, na mahali pake alikaa mama mmoja wa makamo, mwenye cheo kuliko yeye. Alizisoma kumbukumbu zetu kwa makini. Alirudi nyuma akasoma upya palipoelezwa jinsi mdogo wangu alivyoulizwa juu ya mjane, ugonjwa, watoto na paa, mpaka akaona mwenyewe kwamba kugawana sawa ni nafuu kwake. Akaweka karatasi mezani akazipiga kofi dogo la furaha.

"Mimi hapa naona familia zinakatana mapanga kwa ajili ya choo cha nje," alisema. "Nyinyi mna mzee wa namna gani? Huyu angefaa kuwa jaji."

Kaka alikohoa. Mimi niliangalia dirishani.

"Tutamwambia, mama," kaka alisema.

"Mwambieni. Serikali inahitaji watu kama hawa. Shida ni kwamba hawajitokezi."

Barua tuliipata baada ya wiki chache, na miezi michache baadaye korti ikatupa usimamizi, jina la kaka likiwa la kwanza kwa sababu mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyependekeza hivyo. Alisema mtu wa kusumbuliwa na makaratasi ya serikali awe mtu wa serikali. Ile kanzu bado anaivaa. Huenda msikitini Ijumaa tatu kati ya nne, na ile ya nne sijamuuliza.

Kaka atastaafu mwakani. Ameshachukua chumba cha mbele, kile chenye dirisha linaloelekea Lubiri, na amekipaka rangi. Juma lililopita alitundika msalaba ukutani. Mdogo wangu akasema katika nyumba ya marehemu Mwislamu jambo hilo lina utata. Kaka akasema ukuta huu ni thuluthi yake. Mdogo wangu akasema hakuna mahali palipoandikwa ni thuluthi ipi. Wakanigeukia wote wawili mimi, niliyeshika sufuria, wakitaka niwaonyeshe kwenye kumbukumbu.

Niliwaambia chakula kiko tayari, na atakayeendelea kubishana ataosha vyombo. Wakaketi.